Kona za Kushoto

Timu yetu ilikuwa na watu watatu na pikipiki moja, ambayo niliiunga kwa vipande vya nyingine zilizokwisha kufa. Mimi nilikuwa fundi, na kibanda changu kilikuwa mtaa wa Bwiza. Wa pili alikuwa mshonaji wa mtaa wa Jabe, mtu wa maneno makali, aliyeshona nguo ya mashindano kwa turubai la lori kwa sababu ngozi haikupatikana. Wa tatu ndiye aliyeendesha, rafiki yangu tangu madrasa, mtoto wa Haji mwenye duka la vitambaa. Ukoo wao ulitoka Oman zamani sana, na Kiarabu cha rafiki yangu kilikuwa cha sala tu.

Mama yake alikuwa ameshafariki. Kisha vita ikamchukua kaka yake. Alipanda gari kwenda kaskazini kutafuta bidhaa, gari likavamiwa njiani, akarudishwa maiti. Haji alipojua tunajiandaa kwa mashindano hakupiga kelele. Alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi lililojaa oili bila kujali kanzu yake, akamwambia mwanawe mbele yetu:

"Mi sikukatazi. Lakini nimebaki na we peke yako. Siku utaanguka, hata mara moja, unaenda Maskati kwa bajomba yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Alipoondoka rafiki yangu aliniambia, "Sitaanguka, mi. Kule Maskati nitacheka na nani?"

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Majirani zangu wengi walikuwa wamekimbia, na katika nyumba zao walikaa watu nisiowajua hata kwa salamu. Huyu akiondoka, ningebaki na nani?

Mazoezi tulifanya Zone Industrielle, Jumapili asubuhi, viwanda vikiwa vimefungwa, vingine kwa mapumziko, vingine kwa vita. Barabara zilizunguka maghala, na mwisho wa mojawapo, upande wa bandari, palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Siku ya kwanza mmoja wao alitusimamisha.

"Mukikuja mbio munatuangalia, tunapiga. Mukitupa mugongo, muende tu."

Basi tukawapa mgongo. Ukiwaelekea ulikuwa adui, ukiwapa mgongo ulikuwa mjinga tu, na ujinga ulikuwa salama zaidi. Kwa hiyo tulizunguka maghala kwa upande mmoja, ule uliotupitisha barabara yao tukitoka kwao tu, kona zote za kushoto, Jumapili baada ya Jumapili, kwa petroli ya kununua kwenye chupa. Rafiki yangu alijifunza vizuri mno. Aliinama mpaka goti likakwaruza lami, na mshonaji alilitia kiraka kila wiki akinung'unika.

"We unafikiri mi niko na duka ya magoti?"

Tairi la nyuma likalika upande wa kushoto, likawa laini kama kiganja. Upande wa kulia bado ulikuwa na vile vinyweleo vya mpira vinavyotoka navyo kiwandani. Niliwaonyesha wenzangu, tukafurahi kwamba nusu ya tairi bado ni mpya. Mshonaji alisema alhamdulillahi. Kweli, tulishukuru.

Mashindano yaliandaliwa na wapenzi wa pikipiki wa mjini, barabara ikafungwa kwa kamba. Watu walijaa. Nadhani walikuwa na hamu ya kusikia kelele isiyo ya risasi. Haji alisimama peke yake kwenye kona ya kwanza, tasbihi mkononi. Ndipo mwandaaji mmoja akapaza sauti kutueleza njia, kwamba kona zote ni za kulia.

Rafiki yangu alinitazama kutoka ndani ya helmeti. "Fundi, kulia inafanywaka namna gani?"

Nilicheka, kisha nikaona hatanii. Mshonaji akamshika mkono. "Acha. Shuka, twende nyumbani."

"Apana. Nitaenda polepole."

Na kweli alianza polepole, nyuma ya wote. Lakini ile pikipiki ilikuwa nzuri, nalaani mikono yangu kwa uzuri wake. Kwenye barabara iliyonyooka ilimvuta, akampita mmoja, akampita wa pili, na kona ikamfikia akiwa na mwendo wa kushinda. Nilimwona mwili wake ukianza kuinama kushoto, kwa mazoea. Aliurudisha kulia akiwa amechelewa. Alianguka miguuni pa baba yake.

Alivunjika mfupa wa bega, basi. Haji alimvua helmeti, akamfuta uso kwa ncha ya kanzu.

"Pole, mutoto wangu," akasema kwa upole. "Sasa utaenda."

Mshonaji alilitazama goti la kulia la ile nguo, ambalo halikuwahi kuguswa na lami, limechanika lote, akalifunika kwa kiganja.

Rafiki yangu aliondoka kwenda Maskati mkono ukiwa bado umefungwa shingoni. Sikuweza kumchukia Haji, ingawa nilijaribu. Baada ya miezi kadhaa niliitwa dukani kwa Haji kupokea simu.

"Fundi, huku kuko barondipuwe kila mahali," alisema, akimaanisha mizunguko ya barabarani. "Unazunguka, unazunguka, ni kushoto tu. Huku singeanguka."

Nilipoweka simu chini Haji alikuwa anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Anasema nini?"

"Anasema iko muzima, Haji."

"Muzima," alirudia. "Ni hiyo tu nilitaka."

Haji alifariki kabla vita haijaisha, na ndege kutoka Maskati haikuwahi. Mimi na mshonaji ndio tulioshuka kaburini kumpokea, mahali pa mwanawe, tukamlaza kwa ubavu wake wa kulia.