Nilivyorithi Kugonga Meza ya Mzee Kondo

Mzee Kondo, fundi aliyenifundisha useremala Kisarawe, alipofariki, mjane wake Bi Mwajuma aliniuzia msumeno wake wa umeme, ule unaoning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza na kuvutwa kuja kwako. Niliufunga karakanani kwangu Kibaha. Nilipokata ubao wa kwanza, harufu ya mninga ilinirudisha ujanani hadi nikafuta macho.

Marehemu hakuwahi kuuwasha kabla ya kugonga meza kwa ngumi, ko ko ko, akisema, "Haya, bismillahi." Sikuwahi kumuuliza sababu. Mimi niliamini ndiyo siri ya kuzeeka na vidole vyake vyote. Basi nikawafundisha vijana wangu kwa ukali: angalia kava la kufunika meno, weka mkono mbali na njia ya msumeno, gonga meza. Asiyegonga nilimfukuza mashineni. Hata Yohana, mlokole wetu, alikuwa anagonga.

Juzi Bi Mwajuma alikuja kuuona msumeno wa mumewe. Nikamwamkia, nikampa kiti, kisha nikagonga kwa heshima zote, vijana wamejipanga nyuma yangu.

Mama wa watu akatabasamu, machozi yakimlengalenga. "Jamani, kumbe na wewe una paka?"

"Paka, mama?"

"Wa kwetu alikuwa analala kwenye maranda chini ya meza. Marehemu alikuwa anamgongea atoke, asije akamrukia miguuni mashine ikiwaka."

Yohana ndiye aliyetangulia kuinama, akachungulia chini ya meza.