Mgeni wa Karakana

Karakanani walimwita Mgeni, na jina hilo ndilo lilikuwa kazi yenyewe. Zamani alikuwa fundi baiskeli, ndege hajawahi hata kuigusa. Bosi alitengeneza ndege ndogo nyepesi zinazouzwa vipande vipande ndani ya kasha, mnunuzi akaviunge mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo alitaka mtu asiyejua kitu: apewe kasha, spana na kitabu cha maelekezo, na akikwama, kosa ni la kitabu. Ndege ya kwanza, ile ya kiti kimoja, mama huyu alikwama mara arobaini na tatu. Kitabu kikaandikwa upya. Ikaja ya viti viwili, akakwama mara tisa. Ikaja ya tatu, yenye kibanda cha vioo, hakukwama hata mara moja, na karakana nzima ikapiga makofi. Makofi ya nini, jamani?

Ndege ya tatu ina miezi minne tu sokoni, mwalimu mmoja mstaafu aliyeiunga yake uani alivuta usukani ili apae. Pua ikainama badala ya kuinuka. Ndege ikajibwaga chini, mzee akavunjika miguu yote miwili. Asubuhi yake bosi aliitisha kikao, akasema mzee amekosea nyaya za mkia, na watu wa namna hiyo wasiuziwe hata toroli. Kisha, bila hata kumeza mate, akafunua mchoro wa ndege ya nne.

Mgeni alifura. Mwalimu huyo alikuwa akimpigia simu kila wiki kuuliza hili na lile, mtu wa kusoma sentensi mara tatu kabla ya kushika spana. Leo abebeshwe lawama? Alikikwapua kitabu, akaenda nacho mpaka kwenye ndege ya tatu aliyoiunga mwenyewe, akafuata maneno kwa kidole akitafuta ushahidi wa kumziba bosi mdomo.

Akaupata. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema waya wa juu ufungwe tundu la juu, wa chini tundu la chini. Maneno hayo yalinakiliwa yalivyo kutoka kitabu cha ndege ya pili. Kwenye ya tatu chuma cha mkia kilikuwa kimegeuzwa, kwa hiyo nyaya lazima zipishane, la sivyo ukivuta usukani pua inainama. Kitabu kilisema pia uhakikishe mkia unacheza, bila kusema ucheze upande gani. Na hapo mbele yake nyaya zilikuwa zimepishana vizuri kabisa. Nani alizipishanisha? Yeye. Mikono yake ilishazoea ndege, ikafunga inavyotakiwa, macho yakaruka maneno. Kisha akatia saini kwamba ameunga kwa kitabu hicho tu, bila kingine. Hasira yote aliyokuja nayo ikamgeukia. Mgeni gani huyo! Mwenyeji mtupu, tena wa kujidai.

Bosi alipoonyeshwa alijifanya hamnazo. Alisema watarekebisha toleo la mwakani. Makasha ishirini na sita yameshauzwa, na kuwatisha wateja sasa ni kuiua ndege ya nne. Arudi kazini. Mgeni akachukua orodha ya wateja mezani, bosi akimtolea macho, akaenda hospitali.

"Mwalimu, ulisoma sawasawa," alisema. "Mimi ndiye sikusoma."

Akamweleza yote. Mwalimu hakumwambia yameisha, maana hayakuwa yameisha. Aliuliza wengine ni wangapi, na alipojibiwa akamwonyesha kiti kando ya kitanda.

"Kaa hapo, mama. Piga simu hapahapa, nisikie."

Wa kwanza alipokea akicheka, akasema kesho anaruka na mkewe. Mgeni akamweleza habari za nyaya, akamwambia asithubutu kuwasha injini. Kicheko kikakatika. Bwana yule akauliza kampuni imejua lini, na anayeongea ni nani hasa. Akajibiwa ukweli. Basi akamporomoshea matusi ambayo hayatamkwi mbele ya mgonjwa, na mgonjwa aliyasikia yote. Mgeni hakujitetea wala hakukata simu. Alimwacha atukane mpaka achoke, kisha akabonyeza namba ya pili.