Matundu ya Nyuma ya Redio ya Baba

Enzi zetu pale Katandala, na msinicheke, najua hata mvi moja sina, CD ikikwama tuliipaka dawa ya meno, tukaifuta kwa pindo la sweta, tukairudisha kwenye deki huku tumebana pumzi. Siku hizi video ikisita kidogo tu kwenye simu, mtu ananuna mpaka jioni.

Kwetu kulikuwa na redio kubwa ya rangi ya fedha, Baba aliinunua kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa anahama mji. Nzito kama debe la ulezi. Spika zake zikipiga besi, vikombe vilitetemeka kabatini. Mama aliifunika kitambaa cha maua alichokifuma mwenyewe. Jumamosi, ile baridi yetu ikianza kuuma, watoto wa jirani walikuja, wakanawa miguu mlangoni kwa amri ya Mama, tukabanana mkekani na mahindi ya kuchemsha. Picha kwenye TV ya chogo, ile yenye mgongo mnene, sauti kwenye redio ya Baba. Raha gani ile!

Halafu deki ikafa. Na ilikufa wakati mbaya, maana Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa anaishi kijijini Kate, masikio yake yalikuwa yameanza kuziba. Tulikuwa na CD ya harusi ya shangazi, na humo Bibi anamwimbia binti yake kwa Kifipa tangu mlangoni mpaka kwenye gari. Hakuwahi kujisikia akiimba. Akatuma ujumbe kwamba Jumapili anakuja, ajisikie kabla masikio hayajafunga kabisa.

Ijumaa ile Baba akaniita. Macho yake yalishachoka kuona vya karibu, akanipa kalamu na karatasi.

"Kachungulie nyuma ya redio, unichoree matundu yake. Redio ya zamani hii, haikubali kila deki."

Nilikuwa katikati ya mchezo wa rede, tunakwepa mpira, na timu yangu inaniita. Nikaingia sebuleni, nikakitazama kile kitambaa, nikaona kazi kukitoa na kuivuta redio nzito vile. Nikakumbuka TV mpya ya jirani, ile yenye waya mmoja bapa. Nikachora tundu moja bapa, nikarudi kucheza.

Dukani kulikuwa na deki mbili. Moja nene, nyeusi, ya waya za rangi tatu. Nyingine nyembamba, inang'aa kama kioo. Mkono wa Baba ulienda kwenye ile nene. Kisha akatoa karatasi yangu, akamwonyesha muuzaji, akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Tukarudi na ile nyembamba.

Jumapili Bibi akafika na unga wa ulezi na kuku hai. Tukamwamkia, akaketi kwenye kiti kilichosogezwa karibu na spika, amevaa kitenge chake cha kanisani. Baba akaivuta redio. Akatafuta tundu bapa nyuma ya redio, akatafuta nyuma ya TV. Hakuna. Akaenda dukani mbio, akakuta pamefungwa. Jumatatu alfajiri Bibi alikuwa na basi lake, mavuno yalikuwa yanamsubiri.

"Nimekosea mimi, Mama," Baba alimwambia. "Sikuangalia vizuri."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Muuzaji naye alikataa kuirudisha, na deki nyingine hatukununua tena.

Sasa hivi ninashona nguo, naota siku moja nitakuwa na duka langu mwenyewe, lenye kioo kikubwa mbele. Mwaka jana niliona kwa fundi lundo la deki kuukuu. Safari hii nilianzia nyumbani, nikatoa kitambaa, nikachora matundu yote kama yalivyo. Deki nene kama ile ya dukani ikapatikana.

Bibi anaishi nasi siku hizi. Tulipaka CD dawa ya meno, ikakubali. Sauti yake ikajaza nyumba, vikombe vikatetemeka. Bibi akaitazama TV kwa muda, akatugeukia.

"Huyo mama anaimba nini?"

Mama akajifuta macho. Baba akauchukua mkono wa Bibi, akauweka kwenye spika, na Bibi akauacha pale mpaka wimbo ukaisha.

Nikainama sikioni kwake. "Bibi, ni mimi. Sikuangalia nyuma ya redio."

Akanipapasa shavu, akasema nimekuwa mzuri.

Baba ndiye aliyejibu, taratibu, nyuma yangu. "Najua. Siku ile nilipoivuta, vumbi la nyuma lilikuwa halijaguswa hata na kidole."

Leo mambo yote yanaunganika bila waya, na wadogo zangu hawajui kama redio ina mgongo. Wananishangaa tu, kila Jumamosi, nikinyanyua kile kitambaa na kufuta vumbi la nyuma.