Jezi Mbichi za Jasanka

Jumatatu ile tulikuwa tunafua. Timu yetu ya mtaani, huko Uvira, mji wa kando ya ziwa, ilikuwa na sheria moja ambayo kapiteni wetu, Kashindi, aliisimamia kuliko sheria zote za mpira: anayesababisha bao ndiye anayefua jezi za wote. Kila Jumapili baada ya mechi tulifanya kesi. Mshtakiwa alijitetea, mashahidi waliitwa, na hukumu ilitolewa kwa makelele. Lakini Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumefungwa tano bila, na kesi ilishindikana kwa sababu kila beki alimtaja mwenzake. Kashindi akaamua timu nzima ifue. Ndiyo maana asubuhi ile sote tulikuwa uani kwa Feruzi, golikipa wetu, vifua wazi, povu mpaka kwenye viwiko.

Mama yake Feruzi alikaa mlangoni kwenye kiti chake. Nyonga yake ilivunjika miaka mingi nyuma na haikuunga vizuri, kwa hiyo hakuweza kutembea. Uwanja, hata hivyo, ulikuwa mbele ya nyumba yake, na mpira aliujua.

"Jeromi," aliniita. "Ule mutu wa namba saba, jana alikupita mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Mimi nilihesabu ine. Na macho yangu inaonaka mubaya."

Kashindi alicheka mpaka akalazimika kuweka beseni chini.

Jezi zenyewe zilikuwa za kijani kilichokolea, zimeandikwa JASANKA kifuani. Zililetwa na injinia Mcheki aliyekuja kuchimba visima. Zilikuwa jezi kuukuu za timu ya kijijini kwao. Hakuna kati yetu aliyejua neno hilo lina maana gani. Herufi zilikataa kubanduka, basi tukabadilisha jina la timu badala ya kubadilisha jezi. Mashabiki wa mitaa mingine walisema ni jina la sabuni, na tulipofungwa tano walituambia tumeoshwa.

Naeleza haya taratibu kwa sababu mwaka huu klabu hiyo ya Ucheki imeniuliza Kashindi aandikwe vipi kwenye jiwe la ukumbusho lililo uwanjani kwao. Sitaki kukosea. Kwanza ieleweke kwamba siku ile tulianza tukiwa wafua nguo.

Milio ya bunduki ilitoka upande wa bonde, kaskazini mwa mji. Tulikuwa tumeizoea kwa wiki kadhaa. Ilikuja, ikanyamaza, tukaendelea na shughuli. Safari hii haikunyamaza. Kisha barabara ikajaa watu wenye magodoro kichwani, na jirani mmoja akapita akisema wanajeshi waliokuwa wakilinda mji wamekwisha kuondoka na malori yao.

"Muende," Feruzi alituambia. "Mimi nitabaki na mama."

"Nani amekutuma unibakie?" mama yake akamuuliza.

Kashindi alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na wavu wa goli, ambao golikipa ndiye aliyekuwa akiutunza. Akaukunja mara tatu, akaufunga kwenye mwanzi tuliokuwa tunaanikia, na hapo tukawa na tipoy, machela ya kubebea mtu mabegani. Mimi nilikuwa nimeanza kusukumiza jezi kwenye gunia, maji yakichuruzika.

"Acha gunia," Kashindi alisema. "Mikono ni ya kubeba mama. Jezi tuvae."

Tulizivaa mbichi hivyo hivyo. Zilinata mgongoni, na katika joto lile ubaridi wake ulikuwa mtamu.

Tulielekea kusini, mlima kulia na ziwa kushoto, wanne wakibeba na wengine wakisubiri zamu.

"Jana mulifungwa tano, leo munataka kubeba mutu," mama alisema kutoka ndani ya wavu.

"Mama, tulia," Feruzi alimwomba.

"Minatulia. Kashindi, weye uko murefu sana, kunja magoti kidogo. Damu yote inashuka mu kichwa yangu."

"Ndiyo, kocha," Kashindi alimjibu, akakunja magoti.

Tangu hapo akawa kocha. Alituambia lini tubadilishane, nani anavuta miguu, nani anajifanya amechoka. Watu waliotembea karibu nasi, wenye mizigo na watoto mgongoni, walianza kucheka, na mwanamke mmoja akaomba apewe namba kwenye timu. Najua si rahisi kuamini kwamba tulicheka kwenye barabara ile. Tulicheka.

Nje ya mji barabara ilibanana kiasi kwamba mwanzi wetu haukuweza kupita bila kugonga vichwa vya watu. Tukashuka kwenye njia ya ufukweni, kati ya matete. Huko tulikuwa peke yetu.

Risasi ya kwanza ilipita juu. Tulidhani ni ya mbali.

Ya pili ilikata tete karibu na mkono wangu.

Zilitoka mlimani. Barabarani kulikuwa na watu wasiohesabika, lakini zilikuja kwetu.

Kashindi alibeba mbele. Nilimwona akisimama ghafla. Hakuanguka. Alipiga goti moja, kisha la pili, akaushusha mwanzi polepole mpaka mama akagusa mchanga. Ndipo akalala.

Mama Feruzi alitutazama kutoka chini.

"Muvue izo nguo," alisema. "Munafanana na basoda ba jeshi."

Tukavua. Tukazitupa kwenye matete.

Milio ikakoma.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na maelezo ninayoyaona kuwa sahihi ni haya. Sisi tulikuwa vijana wa kiume, tumevaa rangi moja, iliyolowa ikakaribia kuwa nyeusi. Tulitembea kwa mstari na kitu kizito kinaning'inia kwenye mti begani. Kutoka kule juu, kocha wetu alikuwa mzinga, au ofisa aliyejeruhiwa. Simsamehe aliyepiga, lakini naelewa alichokiona.

Kashindi alikuwa amekufa. Tulisimama pale bila kujua la kufanya, mpaka mama akajisogeza nje ya wavu kwa viwiko.

"Mumuweke huyu mu wavu," alisema. "Mimi minangoja."

Tulimpeleka juu kidogo, kwenye shamba la muhogo ambapo udongo ulikuwa mlaini, tukamzika kwa jembe la mwenye shamba. Tuliporudi, Feruzi alishika nafasi ya mbele. Njia yote iliyobaki kocha hakutoa maelekezo.

Tulivuka ziwa, tukaishi kambini Tanzania. Mama Feruzi aliishi huko miaka mingi, akitazama ligi ya wakimbizi kutoka kwenye kiti, akiwasema vibaya marefa wa mataifa matatu, na alikufa kwa uzee, kitandani mwake. Mimi, Feruzi na Mama Sifa, mjane wa Kashindi, tulifika Durban kila mmoja kwa njia yake. Feruzi anafanya kazi bandarini. Mimi niko kwenye kiwanda cha rangi huko Jacobs, na wakati wa chakula cha mchana nasoma. Hivyo ndivyo nilivyoipata Jasanka, kwenye simu, kwa Kicheki kilichotafsiriwa na mashine. Kila sentensi niliisoma mara mbili.

Ni klabu ndogo. Ilianzishwa na msaga nafaka na mwalimu mmoja waliogombana kuhusu nani awe kapiteni, na haijawahi kutoka kwenye daraja la chini kabisa. Uwanja wao umebanwa kati ya ukuta wa makaburi na bwawa, na kwa vizazi kadhaa kumekuwa na mwanachama mwenye kazi ya kuopoa mpira kwa wavu wa samaki. Wakati wa vita vya kwao uwanja ulilimwa viazi. Magoli yalifichwa ghalani chini ya majani makavu, na vita vilipokwisha yalisimamishwa kabla viazi havijavunwa vyote, basi mechi ya kwanza ikachezwa kwenye nusu uwanja.

Niliwaandikia. Alijibu katibu wao, bibi mmoja anayeitwa Vlasta. Alisema wawili waliovaa jezi zile kabla yetu bado wako hai, na mmoja anauliza kama namba tatu ilikuwa bado imechanika kwapani. Nilimjibu kwamba niliivaa mimi na niliishona. Tangu hapo tunaandikiana, na nimemweleza yote. Siku moja akaandika kwamba mlangoni mwa uwanja wao kuna jiwe lenye majina ya wachezaji wao waliouawa vitani, na kwamba wanachama walikutana kwenye baa yao na kupiga kura jina la Kashindi liongezwe. Wote waliinua mkono isipokuwa mmoja aliyekuwa amelala. Walipendekeza maneno yaleyale ya wengine: alianguka vitani. Je, familia inakubali?

Nimejaribu kuipima hasara ile kama ninavyopima rangi kiwandani, na haipimiki hivyo. Mama mzee alipata miaka yake. Kijana hakupata yake. Cha kwanza hakilipi cha pili, na sijamsikia Feruzi hata mara moja akisema kinalipa.

Jumamosi mimi na Feruzi tulienda soko la Warwick, ambapo Mama Sifa anauza sombe, yaani kisamvu, na ndagala, yaani dagaa. Nilikuwa na wasiwasi. Kambini, afisa mmoja alimuuliza zaidi ya mara moja mume wake alikuwa kundi gani la wapiganaji, kwa kuwa alipigwa risasi akiwa amevaa kijani. Tangu wakati huo hajapenda kuizungumzia siku ile.

"Munanunua ao munasimama tu?" alituuliza. "Munanifungia njia."

Tukanunua ndagala. Nikamweleza habari ya jiwe, baa, kura na yule aliyelala. Aliposikia huyo aliyelala alitabasamu.

"Bazungu ba mbali hivyo," alisema, "banataka jina ya bwana yangu?"

"Walivaa jezi ile kabla yake," nikamjibu.

"Tungeweka kapiteni," Feruzi akapendekeza. "Kapiteni, namba nane."

"Kapiteni iko jina ya soda wa jeshi pia." Alimpimia mteja sombe, akafunga mfuko, akarudisha chenji. "Na ile ya kuanguka mu vita, hapana, Papa Jeromi. Mutu akisoma vita, atafikiri bunduki."

"Basi niandike nini, Mama Sifa?"

Alipangusa mikono kwenye kitenge, akamtazama Feruzi.

"Andika alikuwa anabeba mama ya mutu."