Tafsiri Yangu ya Bibi wa Mandawa

Chekeni mkitaka, mimi bado sijaweza.

Bosi aliniuliza, "Kimwera unakijua?" Nikajibu, "Ni lugha ya mama yangu." Sikudanganya, mama anakijua. Mimi nimekulia Nachingwea mjini, najua salamu tu.

Tulikuwa tunatengeneza filamu ya kuwashawishi madiwani wajenge nyumba ya wajawazito kusubiria jirani na zahanati, waache kujifungulia kwenye bodaboda. Kule Mandawa nikamrekodi mkunga mmoja mzee, jikoni kwake. Aliongea Kimwera huku machozi yanamtiririka. Sikuambulia kitu, ila niliona aibu kuuliza. Nikabuni tafsiri, nikaiandika chini ya picha: "Nimezika mabinti wengi mno."

Siku ya maonyesho kule Ruangwa, madiwani walijaa ukumbini. Bibi alipotokea kwenye skrini, nikasubiri madiwani wafute machozi. Wakaangua kicheko.

Mwenyekiti wao, Mmwera kama wenzake, akaomba filamu isimamishwe. "Kijana, tafsiri hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Bibi anasema moshi unamuumiza macho na ugali wake unaungua. Halafu anakuuliza, 'Wewe mtoto, mbona unaitikia tu? Kimwera unakijua kweli?'"

Bosi akanigeukia taratibu. Kabla sijafungua mdomo, fundi mitambo akaiachia filamu iendelee, na sauti yangu mwenyewe ikajaa ukumbi mzima, imejaa huruma:

"Ndiyo kabisa, bibi. Pole sana."