Mashua ya Vioo

Mume wangu alikuwa fundi wa vitanda. Tena si vitanda vya kamba; vile virefu vya besera, vya mbao za msaji, miguu imekerezwa, kichwani vioo na maua ya rangi, bibi harusi hupanda kwa kibao. Karakana yake ilikuwa uani kwetu, Mlandege. Mie mkewe nikilala kwenye kamba, nanusa vumbi la vitanda vya wenzangu, na yeye kila mwaka ananiambia, "Chako kinakuja, bibi. Nakitafutia vioo." Vioo alivipata kweli. Vilikaa kashani, vimefungwa kwa kanga yangu kuukuu, na kila nikifagia nilikuwa nakifungua kimoja najitazama.

Baada ya Mapinduzi vitanda hivyo vikakosa mnunuzi. Waliokuwa wakivinunua wengine waliondoka, na waliobaki hawakutaka kuonekana wanalala juu sana. Mume wangu akakaa na mbao zake. Kisha akaoa mke wa pili, pwani huko Kiwengwa. Sikuambiwa. Nilisikia kwenye foleni ya mchele, mwanamke nisiyemjua ananihadithia mume wangu mwenyewe.

Nilipomkabili akasema dini imemruhusu. Nikamwambia, "Dini haikukwambia mkeo wa kwanza alale kwenye kamba."

Kaka za yule mke wa Kiwengwa walikuwa wavuvi. Wakamtia maneno: fundi ni fundi, tengeneza mashua iwe yako, sisi tuivulie, na fungu lako la samaki utapata. Akakubali. Mashua yenyewe akaiunda palepale uani, kwa mbao zilizokuwa za kitanda changu. Na kwa kuwa mkono wake haujui kuacha ubao uchi, omo, ile pua ya mbele, akaichonga maua na mnyororo kama mlango wa Mji Mkongwe. Ubavuni akaanza kupachika vile vioo vya kashani.

Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Samaki watajitazama?"

"Mbao tupu siziwezi, bibi. Mkono unakataa."

"Kwa kitanda changu mbona mkono ulikataa kuanza?"

Aligonga kijiti cha kukazia kioo, akagonga cha pili. Nami nikatazama vizuri vijiti vinavyoingia.

Siku ya kuipeleka alikodi lori la makumbi. Mashua ikafungwa nyuma, juu ya magurudumu ya gari bovu, ikokotwe mpaka Kiwengwa. Kamba zilipokwisha kukazwa, nikapanda ndani yake. Nimevaa buibui jipya, mwavuli juu, mto chini, na mkononi mrashi wa fedha alioniachia mama, nimeujaza marashi ya waridi mpaka shingoni.

"Shuka ukae mbele na dereva," mume wangu akasema. "Watu watatucheka."

"Nimo ndani ya kitanda changu. Sishuki."

Nilijua nnachokifuata. Huko pwani mashua mpya haiingii majini hivi hivi kama ng'ombe. Hufukizwa ubani, husomewa dua, kisha mwanamke wa nyumba ya mwenyewe huinyunyizia omo marashi mbele ya watu wote. Huyo ndiye anayejulikana. Hata akipita njiani husemwa, yule ndiye wa mashua ile. Mume nilikwishagawana, siku zangu na siku zake yule. Mashua nisingeigawa. Marashi lazima yatoke kwenye mkono wangu.

Hatujafika Mtoni, watu wameshatoka majumbani. Jua likipiga vile vioo mwangaza unaruka juu ya minazi, unaruka kutani, unawapiga watu machoni. Mtu analima muhogo kule mbali, anatupa jembe anakuja. Baiskeli zikatuandama. Lori lilikwenda kwa kukohoa, basi kila mtu akawahi kuuliza lake.

"Kitu gani hichi, jamani?"

"Jeneza."

"Jeneza la vioo? Maiti ajitazame nini?"

"Kabati hilo, limelazwa."

"Na huyo aliyekaa juu? Bi harusi?"

"Bi harusi wapi! Hebu itazame ile miguu!"

Nikamgeukia aliyesema hivyo, kijana wa baiskeli, nikamwambia, "Miguu hii imesimamisha nyumba. Wewe yako imesimamisha nini, baiskeli?" Wenzake wakamcheka mpaka akakosa njia.

Mzee mmoja alisimamisha punda wake akauliza kwa adabu, "Bi mkubwa, chombo cha nani hichi?"

"Changu."

Mume wangu alikuwa katoa kichwa dirishani, anasikia. Akakirudisha ndani. Nikauinua mrashi, nikamnyunyizia yule mzee viganjani, kama mgeni aliyeingia barazani kwangu. Akajipaka usoni, akasema, "Mungu akujaalie kheri nacho."

Lo! Nilivyosikia raha. Mtu akishapokea marashi yako hawezi tena kusema kitu si chako. Nikashika mtindo huo. Anayeuliza, changu, na marashi. Mahonda walikuwako wanawake wanapalilia. Wakaja na majembe mabegani, wote nikawarashia. Kinyasini lori lilisimama litiwe maji, na soko zima likatuzunguka. Muuza muhogo mmoja akashika kiuno.

"Kakuundia wewe hii? Wangu hata mbuzi ya kukunia nazi hajanitengenezea!"

Kwa maneno hayo nilimmwagia mpaka kanga ikamganda. Lakini alipotaka kugusa kioo nikamwambia, "Kitazame. Usikishike."

Dereva, akifunga kifuniko cha maji, akanitupia jicho. "Bi mkubwa, huko tuendako umewabakishia?"

"Wewe bakisha petroli."

Kutoka hapo njia ikawa mawe matupu. Nilitikisika meno yakagongana, na mwavuli ukapinduka. Nilikuwa namwaza yule mke mwenzangu, sijamwona bado. Nilikuwa nshamtengeneza kichwani: mfupi, mweusi wa fizi, mvivu, anajipaka wanja mchana. Nilimtaka awe hivyo.

Hakuwa hivyo. Tulipofika, kijiji kizima kimejipanga, na yeye mbele na chetezo cha ubani kinafuka. Mrefu. Shingo ile, sijui alipewa kwa nini yeye. Mikono imebadilika rangi kwa kupiga makumbi ya kamba. Akaja moja kwa moja, akainama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikamwitikia.

Dua ikasomwa, ubani ukazungushwa. Kisha watu wakatutazama sisi wawili. Nikasogea kwenye omo kabla mtu hajaitwa. Nikauinua mrashi juu, nikautikisa.

Halikutoka tone.

Nikautikisa tena. Ulikuwa mkavu kama kifuu. Njia nzima nimewagawia watu nisiowajua, sikuacha hata la kulowesha kidole. Kikongwe mmoja akasema kwa sauti, "Marashi ya mjini hayo, yanasikiwa tu, hayaonekani," na wanawake wakaangua kicheko. Mume wangu alikuwa anatazama mchanga.

Mke mwenzangu aliingia ndani kwake. Nilidhani anakwenda kuleta mrashi wake, na kwamba mie nimekwisha. Akarudi na chupa ndogo ya marashi, hakuwa na mrashi. Akauchukua wangu mkononi mwangu, akautia marashi, akanirudishia. Pale kwenye omo palikuwa na kioo kimoja kikubwa kupita vyote. Nikatuona humo: mie wanja umechuruzika mashavuni, yeye uso mkavu.

Akasema polepole, mimi tu nisikie, "Rashia wewe, dada. Kurashia ni mara moja. Mie ntaiona kila siku, ikitoka na ikirudi."

Nikarashia. Vigelegele vikapigwa. Lakini maneno yake yaliniingia kama mwiba wa baharini, unaingia mdogo kisha unavimba. Hakunitukana. Alisema kweli, kwa upole, na upole wake ndio uliniuma zaidi.

Maji yalikuwa bado yako mbali, yametoka mpaka mwambani. Watu wakaenda kula wali wakingojea yajae. Mie nikasema sina njaa. Nikachukua kisu cha kukatia halua, nikaenda kwenye mashua. Nilijua vile vijiti vinavyoingia, basi na kutoka nilijua. Kile kioo kikubwa cha omo nikakitoa kizima, nikakitia chini ya buibui.

Mashua ilishuka na pengo puani. Mume wangu aliliona, akaniona na mie nilivyosimama kama nimemeza ubao, akageuka kusukuma na wenzake. Zilikuwa siku za yule. Yeye akabaki, nami nikarudi kwa lori.

Kinyasini yule muuza muhogo alitukimbilia. "Bi mkubwa! Kiko wapi chombo chako?"

"Kiko kazini," nikamwambia.

Kioo nikakitundika juu ya kitanda changu cha kamba. Mume wangu zamu yangu ilipofika alikiona, akakaa kitandani, akavua viatu.

"Unajua wananiuliza?" akasema. "Kila mgeni akifika ufukweni. Wanauliza mashua nzima ina vioo, mbona hapo puani hamna?"

"Unawajibu nini?"

Akakuna kichwa. "Niwajibu nini? Nnawaambia kiko mjini kwa mke wangu mkubwa."

"Na mke mwenzangu anakuwapo?"

"Mara nyingi anakuwapo."

Nikamletea chai. Wajukuu zangu wanachania nywele kwenye kioo hicho mpaka leo, na wakitaka kunipa kipya chenye fremu ya plastiki nawaambia wapeleke kwao. Mashua ilivua miaka mingi, na miaka yote hiyo nilimwonea wivu yule mwanamke kwa kuitazama ikitoka na ikirudi. Lakini haikupita wiki pale ufukweni bila ya mtu mgeni kuuliza, na mume wangu, mbele yake, kunitaja.