Kikohozi Kilichobaki

Matilda hakuumbwa kukaa bure. Miaka thelathini amelima viazi Njombe, na alipoitwa kijijini Kitandililo kuja kumwogesha mjukuu wake wa kwanza, alifika na kanga mpya mbili na mafua.

Mafua yaliisha ndani ya wiki moja. Kikohozi kikabaki, kikavu, kinambana kila akivuta hewa ya asubuhi. Lenard, mkwewe, akaingiwa na hofu. Kumwambia mama mkwe ana kwa ana asimguse mtoto ni utovu wa adabu, basi maneno yakapitia kwa mkewe, Anneth, ambaye aliyafikisha huku ametazama chini.

Siku zikawa ndefu. Matilda alifua nepi zilizokwisha kufuliwa, akafagia uwanja mara tatu kabla ya chai. Mtoto akilia, miguu inamtangulia hadi mlangoni, kisha anageuka. Iliuma, tena sana. Majirani nao walianza kunong'ona kifua kikuu.

Wiki mbili zilipotimia alikwenda mwenyewe kituo cha afya kupima makohozi. Majibu yakatoka safi.

"Sasa mbona nakohoa?" alimuuliza nesi Dainess.

"Virusi vimeshaondoka, mama. Ila chembe nyeupe za damu, askari wako, hawatulii siku moja. Kazi ikiisha wengi wanakufa wenyewe, wachache wanabaki ili adui yuleyule akirudi wamtambue. Koo nalo lilichubuka, bado linashtuka kwa baridi. Litapona polepole. Usinunue antibayotiki."

"Na mtoto?"

"Huna homa, huna mafua. Nawa mikono, vaa barakoa, mbebe."

Alirudi karibu anakimbia. Sebuleni akamkuta Lenard amempakata mtoto, macho mekundu, pua inachuruzika. Lenard akapiga chafya, akajifuta kwa kiganja, na kwa kiganja hichohicho akamshika mtoto shavu.

Jamani, hasira ilimpanda. Lakini Matilda naye ana adabu zake; mkwe hafokewi. Alinawa, akavaa barakoa, akanyoosha mikono. Lenard akatazama kiganja chake, akaona haya, akamkabidhi mtoto.

"Anneth," Matilda akamwambia binti yake aliyesimama mlangoni, hakumtazama mkwewe, "mwambie mumeo atalala hapa sebuleni mpaka apone."

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani.